Je, Unahitaji Mwalimu wa Gofu? Mwongozo Kamili wa Kuamua, Kuchagua na Kujifunza

Anayeanza gofu hupata walimu kabla hajawatafuta. Akipiga mipira mitatu mibaya kwenye uwanja wa mazoezi, jirani wa kulia atamwambia kainua kichwa, wa kushoto atamshauri apunguze kasi, na jioni shemeji yake atamtumia video ndefu kuhusu nyonga. Wote wana nia njema. Lakini hakuna hata mmoja aliyeutazama mpira ulikoanzia safari na ulikoishia, akajiuliza kwa nini.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukijua ninakotoka. Kwa mwalimu hulipii siri za swingi, yaani mwendo wa kuizungusha fimbo, maana siri zote zimejaa mtandaoni bure, tena zinapingana. Unalipia jicho. Tangu fimbo ianze kurudi nyuma hadi iguse mpira, kinachopita ni kama sekunde moja tu, na katika muda huo mwili hukudanganya. Unahisi mkono umenyooka kumbe kiwiko kimekunjika. Unahisi umegeuza mabega hadi mwisho kumbe umeinua mikono tu. Maamuzi yote yanayofuata, kama uende kwa mwalimu, uende kwa nani na ufanye nini ukitoka kwake, yanategemea jinsi utakavyolitumia jicho hilo.

Maelezo ya hapa ni ya mchezaji wa mkono wa kulia. Wa mkono wa kushoto ageuze pande.

Hatua ya 1: Amua kama unahitaji mwalimu sasa hivi

Kuna watu ambao ningewaambia wasubiri. Anayecheza mara chache kwa mwaka, kwa ajili ya kutembea na marafiki, na hajali mpira ukienda kichakani, hana tatizo la kutibiwa. Mwenye mashindano wiki ijayo naye asubiri yapite, kwa kuwa kubadilisha swingi katikati ya maandalizi ni kujitafutia balaa. Mwenye maumivu ya mgongo, bega au kifundo cha mkono aanzie kwa daktari. Na asiye na nafasi kabisa ya kufanya mazoezi kati ya somo moja na jingine atakuwa analipia kuambiwa yale yale kila mara.

Utasikia hoja ya Bubba Watson. Ni kweli, hakuwahi kufundishwa rasmi, na alishinda Masters, moja ya mashindano makubwa manne ya gofu, mwaka 2012 na tena 2014. Lee Trevino naye alijifunza kwa kiasi kikubwa peke yake, akashinda mashindano makubwa 6. Ila usisahau upande wa pili wa hadithi hizo: wanaume hao wamepiga mipira isiyohesabika tangu utotoni au ujanani, na kila mpira ulikuwa mwalimu. Ukiwa mtu mzima unayepata saa mbili kwa wiki, njia hiyo kwako imefungwa.

Faida kubwa kuliko zote huipata anayeanza kabisa, na hapo sina shaka hata kidogo. Namna ya kushika fimbo, kusimama na kulenga ni mambo ya kujifunza kwa muda mfupi yakiwa mapya, na ya kuteseka nayo miaka yakishazoeleka vibaya. Kama bajeti yako inaruhusu masomo machache tu maishani, yaweke mwanzoni.

Mwingine anayehitaji ni aliyekwama. Huyu anacheza, anafanya mazoezi, anatazama video, lakini matokeo yake ni yale yale mwaka hadi mwaka. Hakosi bidii. Anachokosa ni mtu wa kumwambia bidii hiyo aielekeze wapi.

Hatua ya 2: Jua tatizo lako kabla ya kumtafuta mtu

Ukienda kwa mwalimu na kauli ya "nataka kuboresha gofu yangu", utapewa somo la jumla. Nenda na ushahidi. Cheza raundi kadhaa na uandike kwenye kadi, mbali na jumla ya mikwaju, mambo matatu: mipira iliyopotea au kuingia majini, mikwaju uliyopiga ukiwa umekaribia grini (zile nyasi fupi kabisa zinazozunguka shimo) bila kufika, na mara ulizosukuma mpira ukiwa juu ya grini.

Hilo la tatu lina kipimo chake tayari. Kiwango cha uwanja huhesabiwa kwa kukadiria misukumo miwili kwa kila shimo. Kwa hiyo katika uwanja wa mashimo 18 na mikwaju 72, 36 kati ya hiyo, yaani nusu kamili, inatarajiwa ipigwe kwenye grini. Ukikuta unasukuma mara 42 kwa raundi huku ukipoteza mpira mmoja tu, somo la kupiga mbali halikuhusu kwa sasa. Lakini usijihukumu kwa kukosa kila msukumo wa mita mbili na nusu, kwani hata wachezaji wa PGA Tour, ligi kuu ya wanaolipwa Marekani, huingiza karibu nusu tu kutoka umbali huo.

Upande wa mapigo marefu, andika mpira ulianza kuelekea wapi na baadaye ulipinda upande gani. Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko malalamiko ya nusu saa. Uso wa fimbo, yaani sehemu inayogusa mpira, ndio unaoamua kwa sehemu kubwa mpira uanzie upande gani. Njia ya fimbo ikitofautiana na mwelekeo wa uso huo, mpira unapinda.

Chukua ile slaisi inayowasumbua wengi: mpira unaanza kushoto mwa shabaha halafu unapinda kulia. Ikiwa umeugusa katikati ya uso, mpira huo umekuambia mambo mawili. Fimbo ilikuwa inakatiza kutoka nje kuja ndani, upande wa mwili wako, na uso wake ulikuwa wazi, yaani umeelekea kulia, ukilinganisha na njia hiyo. Sasa tazama anachofanya mtu asiye na wa kumtazama. Kwa kuwa mpira unaishia kulia, anageuza miguu yake kushoto zaidi. Fimbo inazidi kukatiza, mpira unazidi kupinda, naye anazidi kugeuka. Baada ya miezi utamkuta amesimama akilenga maegesho ya magari, na mpira bado unaangukia kwenye miti ya kulia. Kila alichofanya kilikuwa na mantiki, na kila kimoja kilimzidishia ugonjwa.

Kabla ya kulaumu swingi, hakiki hapo pa "katikati ya uso". Pulizia uso wa fimbo ile poda ya miguu ya kwenye kopo, piga mipira michache, uone alama inabaki wapi. Mpira uliogonga ncha au kisigino cha draiva, fimbo ndefu ya kupiga mbali, hupinda kwa sababu zake, hata swingi ikiwa nzuri. Ukimpelekea mwalimu habari hiyo, umemwokolea muda anaoulipisha.

Hatua ya 3: Chagua mtu, usichague jina

Vyama vya wachezaji wa kulipwa vimekuwepo muda mrefu. PGA ya Uingereza ilianza mwaka 1901 na ya Marekani 1916, na kufundisha ni sehemu ya mafunzo yanayompa mtu uanachama wake. Cheti cha namna hiyo ni mwanzo mzuri. Hakikuhakikishii kwamba mtaelewana.

Kucheza vizuri na kufundisha vizuri ni kazi mbili. Mchezaji hodari aliyeanza akiwa na miaka 6 huenda hajui anafanya nini kwa mikono yake, kwa kuwa hakuwahi kulazimika kujua. Mtafute aliyewahi kumtoa mtu wa kiwango chako kwenye shida inayofanana na yako. Njia rahisi ya kumpima ni kuomba ruhusa ya kukaa pembeni akimfundisha mwingine. Tazama nani anaongea zaidi. Hesabu mambo anayobadilisha. Akigusa mshiko, mguu wa nyuma, kichwa na mwisho wa swingi katika saa moja, ondoka kimya kimya.

Ukizungumza naye, muulize: mpira wangu unaanza kushoto na kupinda kulia, utaanzia wapi? Jibu zuri huanza na mpira, likaja kwenye uso wa fimbo na njia yake, ndipo likafika mwilini. Anayerukia mwilini moja kwa moja, "lazima tujenge upya mzunguko wa nyonga", huyo ana swingi moja kichwani na anataka kila mtu aivae. Muulize pia kama anafundisha mshiko wa aina moja tu. Ule wa kupandisha kidole kidogo juu ya mkono mwingine umebeba jina la Harry Vardon, bingwa wa The Open, shindano kubwa la Uingereza, mara 6. Jack Nicklaus na Tiger Woods wamefunganisha vidole. Na upo wa vidole vyote 10 kwenye mpini, unaowafaa watoto na wenye mikono midogo au viungo vinavyouma. Mwalimu mwenye akili huangalia mikono yako kwanza.

Mitambo ya rada, kama TrackMan, isikupumbaze wala isikutishe. Inapima mwelekeo wa uso, njia ya fimbo, kasi na mzunguko wa mpira kwa usahihi ambao jicho haliwezi. Mwalimu akichagua namba mbili akakueleza zinamaanisha nini kwako, mtambo umekusaidia. Akikuachia skrini yenye namba 20, umelipia umeme.

Hatua ya 4: Chagua aina ya somo

Kwa anayeanza bila rafiki wa kucheza naye, darasa la kikundi linatosha kabisa kwa mwezi wa kwanza. Ni nafuu, na unapata watu wa kufanya nao makosa bila aibu. Mwenye tatizo mahususi aende peke yake. Nusu saa mara nyingi inatosha, kwani baada ya hapo kichwa cha mtu mzima hakishiki kipya na mikono imechoka.

Somo la uwanjani, mwalimu akitembea nawe mashimo kadhaa, ndilo watu hulisahau, na kwa maoni yangu ndilo linaloshusha mikwaju haraka kuliko yote kwa mtu anayeweza tayari kuupiga mpira. Pale anaona usichomwambia: kwamba unachagua fimbo kwa pigo lako bora kabisa badala ya la kawaida, kwamba kutoka kichakani unalenga upenyo mwembamba kati ya miti miwili badala ya kurudi kwenye njia ya nyasi fupi kwa mkwaju mmoja. Hizo ni hasara zisizohitaji swingi mpya. Lipange katika raundi ya mazoezi. Katika mashindano kanuni zinakukataza kuomba ushauri kwa yeyote isipokuwa kedi wako, yaani anayekubebea fimbo, au mwenzako mnapocheza kama timu.

Masomo ya mbali kwa video yanafaa kwa sharti moja: urekodi ipasavyo. Simu ikae kwenye urefu wa mikono yako, mara moja nyuma yako ikitazama upande wa shabaha, mara nyingine mbele yako ikitazama kifua. Ile ya nyuma ikisogezwa hatua moja tu kulia au kushoto, njia ya fimbo itaonekana tofauti, na mwalimu atatibu ugonjwa wa kamera. Tumia mwendo wa polepole. Simu nyingi za sasa hurekodi picha 120 au 240 kwa sekunde.

Hatua ya 5: Jiandae

Usinunue seti ya fimbo kabla ya somo la kwanza. Kanuni zinaruhusu fimbo zisizozidi 14, lakini anayeanza anaweza kujifunza miezi kadhaa kwa fimbo moja ya mapigo marefu (aina iitwayo "mbao", au haibridi), aironi mbili tatu za umbali wa kati, weji ya mapigo mafupi ya juu na fimbo ya kusukumia kwenye grini. Azima, au tumia za mwalimu, kisha akushauri urefu na ugumu wa mpini unaokufaa. Kwa watoto hili ni la lazima zaidi. Fimbo ya mtu mzima iliyokatwa humfundisha mtoto kupambana na uzito badala ya kuizungusha.

Fika mapema ukapashe mwili joto, lakini usipige ndoo nzima ya mipira kabla ya somo. Na sema ukweli kuhusu mambo mawili: maumivu yoyote uliyonayo, na saa utakazopata kwa wiki. Mwalimu anayejua una saa moja tu atakupa dawa ya saa moja.

Hatua ya 6: Ndani ya somo

Mara nyingi somo la kwanza litaishia kwenye mikono, na wengi huona wamepunjwa. Hujapunjwa. Mpini wa fimbo ukae kwenye mizizi ya vidole vya mkono wa kushoto, usilale katikati ya kiganja. Jaribu hivi: inua fimbo kwa kidole cha shahada kilichokunjwa chini ya mpini, na ile nyama nene ya chini ya kiganja ikiukandamiza kwa juu, vidole vingine vikiwa wazi. Ikishikilia bila kuteleza, imekaa mahali pake. Funga vidole, tazama chini: unapaswa kuona vifundo viwili, labda vitatu, vya vidole vya mkono wa kushoto, na ile V kati ya kidole gumba na cha shahada ikielekea bega la kulia. Ukiona kifundo kimoja au hakuna, uso wa fimbo huelekea kufunguka unapofika kwenye mpira, na ile slaisi tuliyoizungumza huanzia hapo kwa watu wengi. Mshiko mpya utakukera kwa wiki kadhaa, na mikono itataka kurudi ilikozoea kila usipoitazama.

Kubali badiliko moja kwa somo. Mwalimu akimaliza kueleza, mrudishie kwa maneno yako, ndipo utajua kama umeelewa au umeitikia tu. Mwombe arekodi pigo la zamani na pigo jipya, na aeleze kwa sauti akiwa anarekodi. Kisha uliza swali ambalo wachache hulikumbuka: nikiwa peke yangu, nitajuaje kwamba nimerudia kosa? Akikupa ishara, mfano "mpira ukianza kulia mwa shabaha, mshiko umelegea juu", umeondoka na sehemu ya jicho lake.

Hatua ya 7: Kazi halisi, kati ya somo na somo

Hapa ndipo fedha za watu wengi hupotelea. Wanatoka kwenye somo wakiwa na furaha, Jumamosi wanacheza raundi, shimo la tatu mpira unapotea, na kufikia shimo la tano wamerudia swingi ya zamani.

Siku za mwanzo, fanya bila mpira. Simama mbele ya kioo, fanya mwendo polepole mara kadhaa, dakika chache kila siku. Mpira ukiwepo, akili hutaka matokeo na mwili hurudia ulichozoea. Ukija kwenye mipira, anza na mapigo ya nusu, na ujirekodi kila baada ya mipira michache, kwa sababu hisia yako ya "sasa nimepata" haiaminiki. Mara nyingi utalazimika kuhisi umezidisha kupita kiasi ndipo video ionyeshe umesogea kidogo.

Badiliko likianza kukaa, acha kupiga fimbo moja mara 50 mfululizo. Shea na Morgan walionyesha katika utafiti wao wa mwaka 1979 kwamba waliofanya mazoezi ya miendo tofauti kwa kuichanganya walifanya vibaya zaidi wakati wa mazoezi, lakini walikumbuka vizuri zaidi baadaye kuliko waliorudia mwendo mmoja mmoja. Jaribio lao halikuwa la gofu, ila linaeleza jambo ambalo kila mchezaji analijua: mtu anayeng'aa kwenye uwanja wa mazoezi na kusambaratika kwenye shimo la kwanza. Badilisha fimbo na shabaha kila pigo, kama raundi inavyokulazimisha. Utapiga vibaya, na mazoezi yataonekana hayaendi.

Tarajia pia kushuka. Tiger Woods alishinda Masters ya 1997 kwa tofauti ya mikwaju 12, kisha akaanza kuijenga upya swingi yake na kocha Butch Harmon. Mwaka 1998 alishinda shindano moja tu la PGA Tour. Mwaka 2000 alishinda 9, yakiwemo makubwa 3. Wewe na mimi hatuna kipaji hicho wala muda huo, kwa hiyo jipe wiki, si siku, kabla ya kuamua badiliko limeshindikana.

Na funga masikio. Katika kipindi hiki video za mtandaoni na wale majirani wa uwanja wa mazoezi ni sumu hata wanaposema kweli, kwa sababu ukweli wao unahusu swingi nyingine.

Hatua ya 8: Pima, rudi, au badilisha mwalimu

Usipime somo kwa raundi inayofuata, wala usikimbilie handikapu, ile namba ya kiwango cha mchezaji ambayo ikiwa ndogo ndiyo bora. Mfumo wa dunia ulioanza mwaka 2020 unaruhusu kuanzia 54.0 na huhesabu raundi 8 bora kati ya 20 za karibuni, kwa hiyo unasogea polepole kwa makusudi. Pima kile mlichokubaliana kukibadilisha. Ikiwa ilikuwa slaisi, je, mpira unapinda kidogo kuliko zamani? Ikiwa ni misukumo, je, ile ya tatu kwenye grini imepungua?

Rudi kwa mwalimu baada ya wiki mbili au tatu ukiwa umefanya kazi. Kama hukupata nafasi, ahirisha. Mwalimu mwaminifu hatakasirika.

Ukiwa umefanya kazi yako, na baada ya masomo matatu au manne mpira unaruka vile vile, na bado huwezi kueleza kwa maneno yako unabadilisha nini na kwa nini, tafuta mwingine. Vivyo hivyo akianza kila somo kwa jambo jipya kabla la zamani halijakaa. Huna haja ya ugomvi. Mshukuru, mlipe, na mwombe video zenu zote. Kwa mwalimu mpya peleka video hizo na kadi zako za raundi, umweleze ulichokuwa unafanyia kazi, kisha mwache atazame mapigo yako machache kabla hujaanza kumtajia tiba ya mwenzake.